Kidonge cha Norman

Clifford Ormerod alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo katika mji wa Accrington kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na mashine iliyomshinda. Paka wake Norman, mwenye kilo tatu na nusu, alimshinda siku ya kwanza tu.

Norman alikuwa paka wa rangi ya chungwa, mzee wa miaka kumi na miwili, na tezi ya shingoni mwake ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Alikula kama aliyefunga mwezi mzima na bado mbavu zilihesabika. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala. Daktari akaandika kidonge asubuhi na jioni, siku zote. Clifford alijaribu peke yake kwa siku mbili. Kidonge kimoja kilitemwa kwenye zulia, kingine ndani ya kiatu, na cha tatu Clifford alikikuta kwenye kikombe chake cha chai alipokuwa amebakiza funda moja.

Siku ya tatu alikwenda kwa jirani, Beryl Haworth, mjane mwenzake, aliyekuwa mpishi wa shule na mwenye mikono isiyobishana na mtu. Beryl akamviringisha Norman kwenye taulo, Clifford akamfungua mdomo, kidonge kikapita. Tangu hapo Beryl alibisha hodi saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku ya Mungu, kwa mwaka mzima na miezi miwili.

Kidonge kilichukua dakika moja. Chai iliyofuata ilichukua saa nzima. Waligombania fumbo la maneno la gazetini, wakamsengenya padre, na Clifford, ambaye tangu mkewe Jean afariki alikuwa akila mkate kwa kusimama jikoni, akaanza kununua keki. Mtaani kwao watu hawaingiliani majumbani hivi hivi. Lazima uwe na shughuli: umeleta barua iliyopotea njia, au umekuja kuazima ngazi. Shughuli ya Beryl ilikuwa kidonge.

Ndipo mwezi wa Mei Norman akaanza kujikuna uso mpaka damu. Dawa ilikuwa imemkataa, alisema Anwen Probert, daktari wa mifugo, akaipunguza iwe nusu. Upasuaji hakuupenda kwa paka wa umri ule. Lakini ilikuwepo sindano moja, ya madini joto yenye mionzi, inayokwenda moja kwa moja kwenye tezi na kuua sehemu iliyozidi. Figo na moyo vilikuwa vimepimwa, Norman angeiweza. Angekaa wodini wiki mbili bila kutembelewa, kisha nyumbani wiki mbili nyingine bila kulala mapajani mwa mtu. Wengi, alisema, hupona kabisa.

"Na vidonge?" Clifford aliuliza.

"Ndiyo basi tena. Hatavihitaji."

Daktari alidhani amempa habari njema. Clifford alitoka pale miguu mizito. Nafasi ilikuwa Jumatatu, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Beryl alikuwa amekaa na Norman mapajani, ndani ya taulo.

"Umewapigia?"

"Bado nafikiria. Mionzi si mchezo, Beryl. Si atawaka gizani?"

"Vizuri, utaokoa umeme."

"Ana miaka kumi na mitatu."

"Na wewe una sabini na minne, mbona ulikubali kubadilishwa nyonga?"

"Wiki mbili bila kuniona. Atanisahau."

"Amsahau anayemfungulia makopo ya samaki? Clifford, acha kunizungusha."

Norman alichomoa kichwa kwenye taulo. Kidonda juu ya jicho kilikuwa kimefunguka tena. Alimtazama Clifford bila kinyongo, akaanza kuunguruma kwa raha, maana wiki ile paka alikuwa na moyo mzuri kuliko bwana wake. Clifford aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alimpenda sana mnyama yule, na alikuwa akimwacha ajikwaruze kwa ajili ya kikombe cha chai.

Akapiga moyo konde. "Akipona, hutakuwa na sababu ya kuja."

Beryl alimfungua Norman taratibu, akalikunja taulo mara nne, kazi isiyohitaji muda wote ule.

"Kuna mafuta," alisema mwishowe. "Dawa ileile, ila ya kupaka sikioni. Mtu mmoja anatosha. Nesi aliniambia siku niliyokwenda kukuchukulia vidonge, ulipolala na mafua."

"Hiyo ni mwaka jana."

"Mwezi wa Oktoba."

"Na hukusema."

"Nilisahau," alisema Beryl, ambaye hakuwahi kusahau jambo tangu azaliwe. "Piga simu, mzee wewe."

Akapiga. Dada wa mapokezi alikuwa na maswali mengi: umri wa paka, chakula anachopenda, anavyofanya akiogopa. Kisha, kwa sababu ya ile mionzi, akauliza ni watu wangapi watakaokuwa na paka nyumbani akirudi.

"Mmoja," Clifford alisema.

"Mwambie wawili," alisema Beryl kutoka kwenye kochi, macho kwenye gazeti.

"Samahani. Wawili."

Dada akaandika. Akataka kujua huyo wa pili atakuwa hapo jumla ya saa ngapi kwa siku. Clifford aliiziba simu kwa kiganja.

"Anauliza utakuwa hapa saa ngapi kwa siku."

Beryl alimaliza kwanza kujaza neno lake, herufi moja moja.

"Mwambie aandike nyingi."