Kumfunza Shihana Kutoshinda

Watu wa Ibra walimwita Marhoun Mzinjibari. Mzinjibari! Yeye ambaye Unguja aliiona mara moja tu, kutoka juu, kwa dirisha la ndege, siku alipoiacha Tabora alikozaliwa. Mwanzo alikuwa akiwasahihisha. Akiwaeleza habari za reli, za ng'ombe wa baba yake, za mvua ya kwao ambayo harufu yake hufika kabla yake. Walimsikiliza kwa adabu, wakammiminia kahawa, wakamaliza kwa kumwita Mzinjibari. Akachoka, akaliacha jina likae.

Alikuja Omani kijana, mwaka wa sabini na tano, na kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya usaisi, kutunza farasi wa mbio katika mazizi ya pwani ya Batina. Baadaye akahamia Ibra, akawa dereva wa gari la maji. Lakini farasi walimfuata. Farasi wa mbio anastaafu mapema, bado kijana, na mwenyewe hajui amfanye nini. Basi mtu mmoja akakumbuka kuwa kuna Mzinjibari anayejua farasi, akamletea wa kwake, na wengine wakaiga.

Nyuma ya nyumba yake, kwenye mighafu, miti ya jangwani, kando ya wadi, mto mkavu wa pale, Marhoun akawafunza maisha mapya. Nakwambieni, ni kazi. Farasi wa mbio anajua kusimama, na anajua kutoka mbio. Baina ya hayo mawili hana analolijua. Ilibidi afunzwe kupita katikati ya mbuzi bila kushtuka, kumngoja mtu aliyeshuka kumfunga mtoto wa ngamia, kubeba watoto watatu wanaopiga makelele. Mmoja alikwenda Mudhaibi kuchunga ngamia. Mwingine yuko Kamil, anampeleka mzee mmoja shambani kila asubuhi, na wamezoeana hata mzee husinzia njiani.

Halafu, mwaka wa tisini na saba, joto lilipoanza kupungua, akaletwa Shihana.

Alikuwa jike la kijivu, miguu mirefu, macho makubwa yasiyotulia. Mwenyewe ni Khalaf, mtu wa mashamba ya mitende, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Khalaf alimtaka kwa ajili ya mwanawe Hazim, ampande kwenye ardha ya Idi.

Na ardha si mashindano. Wapandaji hutoka wawili wawili kutoka upande mmoja wa uwanja, farasi kwa shoti, ubavu kwa ubavu, mmoja kaweka mkono begani kwa mwenziwe, na hivyo hivyo mpaka upande wa pili. Hapana mshindi. Farasi mmoja akimpita mwenziwe, mkono unatoka begani, na hiyo ni aibu ya mpandaji na ya nyumba yake. Ndiyo maana mtu hampi bega lake yeyote tu. Humpa ndugu, binamu, rafiki aliyecheza naye tangu utotoni. Kila Idi Marhoun alikuwamo uwanjani, ameshika hatamu za farasi wa watu, na miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumwambia, njoo, nipe bega lako. Hakulalamika. Lakini alitaka, jamani, alivyotaka! Alikuwa akisimama pale kwenye vumbi huku bega lake la kulia linamwasha.

"Akienda sawa na mwenziwe siku ya Idi, atabaki hapa," Khalaf alimwambia. "Akishindwa, namrudisha alikotoka."

Alikotoka, kwenye mazizi ya Batina, hapakuwa na pahala pa farasi asiye na mbio, na Marhoun alijua vizuri farasi kama hao wanaishia wapi. Akamtazama Shihana. Shihana alikuwa akiutazama mlima, amesimamisha masikio, kama anayengoja lango la mbio lifunguliwe.

Adhuhuri, baada ya kula, Shihana alikuwa akilala ubavu kwenye mchanga chini ya mghafu. Na akilala, anaota. Miguu yake yote minne ilikimbia pale chini, kwanza taratibu, kisha kwa kasi, mchanga ukitimka kidogo kidogo, pua zimepanuka. Marhoun alisimama na ndoo yake, hathubutu kupumua. Ilikuwa kana kwamba uwanja mzima umo ndani ya kile kichwa, na kelele zake zote, na huku nje kimya, ni maji tu yanayopita kwenye falaji, mfereji wa mashambani. Kisha Shihana huamka, huinua kichwa, huutafuta umati. Haoni ila kuku wa Fakhriya.

"Maskini," alisema Fakhriya, mkewe, mlangoni. Huyu ndiye Mzinjibari wa kweli, mtoto wa mjini, na Kiswahili cha bara cha mumewe alikuwa hakiachi kupita bila ya kukicheka. "Lakini wewe na yeye mmoja. Wewe nawe usiku hulali, unanipiga mateke tu. Unakimbilia wapi, Tabora?"

"Gari moshi linaniacha," alijibu Marhoun, na hakuwa anatania sana.

Akaanza kumfunza. Alikuwa na farasi wake mzee, Saburi, anayechechemea mguu mmoja. Kila alfajiri Marhoun alimpanda Saburi na kumshika Shihana kwa kamba, upande wake wa kulia, wakashuka wadi. Majira ya baridi ukungu hulala kwenye wadi ya Ibra, mweupe, mpaka magotini mwa farasi, na wao watatu walipita ndani yake hawaoni ardhi. Shihana alivuta. Kila hatua alitaka kuwa mbele, hata kwa farasi kilema, hata wakiwa wanakwenda kunywa maji tu.

Na Marhoun alisema naye. Kiarabu chake kilikuwa cha kazi, cha simama na leta na rudi nyuma. Akitaka kubembeleza, kinachomtoka ni Kiswahili. "Polepole, mama. Huku huku na mimi. Hatuendi pahala, mama, tumeshafika." Aliyasema hayo hayo wakitembea, na walipozidisha mwendo, na mwisho kwa shoti, kwa kadiri ya mguu wa Saburi. Masikio ya Shihana yakaanza kugeuka upande wa sauti. Siku moja katikati ya Ramadhani kamba ililegea, ikaning'inia, na shingo mbili zikawa sawa kwenye ukungu. Marhoun akalia, peke yake, na wala hakujificha.

"Unamsomesha farasi wa Waarabu Kiswahili?" Fakhriya alicheka. "Kesho atakuja kunidai urojo."

Wakacheka wote wawili. Wallahi, hakuna aliyeliona jambo lililokuwa wazi mbele yao.

Idi ikafika. Uwanja umejaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, waimbaji wanaimba nyimbo za farasi kwa sauti za kuvuta, na farasi wamevishwa fedha shingoni. Hazim akampanda Shihana, na binamu yake Zakariya akampanda farasi mwekundu. Mkono begani. Wakatoka.

Mwanzo walikwenda vizuri. Kisha umati ukapaza sauti, na Shihana akaisikia sauti ile ya zamani. Hazim alimwambia atulie, kwa Kiarabu kizuri, lugha ile ile aliyosemeshwa Shihana kwenye mbio. Kwake yeye lugha hiyo ilikuwa ya kukimbia. Akanyoosha shingo. Mkono ukatoka begani, Zakariya akapepesuka, nusura aanguke, na Shihana akapaa peke yake mpaka mwisho wa uwanja. Alipofika akageuka, kichwa juu, anangoja kushangiliwa.

Hapana aliyeshangilia. Marhoun alikuwa pale pembeni, ameshika hatamu za watu. Sasa ndiyo akaliona. Miezi yote ile alimfunza farasi wa mtu lugha ambayo mwenyewe haijui. Ni upumbavu gani huu, Marhoun? Akawaza njia ya kurudi Batina na gari la kubebea wanyama.

Hazim alirudi akimwongoza farasi kwa mguu, uso umemwiva. Aliwapita jamaa zake wote, akasimama mbele ya Marhoun.

"Ami Marhoun, wewe humwambia nini?"

"Maneno ya kwetu tu, mwanangu. Nimekosa. Nisamehe."

Hazim akamtaka ayaseme, akajaribu kuyafuata kwa ulimi wake wa Ibra. Shihana hata sikio hakugeuza. Kijana akamtazama farasi, akamtazama Marhoun, akamgeukia baba yake.

"Baba, basi yeye awe upande wangu."

Khalaf alimwangalia Marhoun kuanzia kilemba mpaka kanzu yake yenye doa la tende kifuani, kiunoni hana kitu, na ardha haiendwi bila jambia. Kisha Khalaf akafungua mkanda wake mwenyewe, wa nyuzi za fedha, pamoja na jambia lake, akamfunga Marhoun kiunoni kwa mikono yake, akaukaza. Zakariya akashuka, akampa farasi mwekundu.

Wakajipanga. Marhoun kushoto, Shihana kulia, kama kule wadini. Mkono wa Hazim ukaja ukatua begani kwake, mzito, wa joto. Bega la kulia.

Kilichofuata Marhoun hakukikumbuka kwa mpango. Alikumbuka vumbi la rangi ya asali, na nyimbo zikibaki nyuma, na ardhi kupotea kama asubuhi za ukungu. Umati ulipopaza sauti aliona shingo ya kijivu inanyooka. "Polepole, mama," alisema. "Huku huku na mimi. Hatuendi pahala, mama, tumeshafika." Sikio likageuka. Shingo ikarudi. Uwanja ukawa mrefu kuliko ulivyokuwa siku zote, naye akaomba usiishe.

Uliisha. Kutoka upande wa wanawake kikapanda kigelegele cha Unguja, kirefu, hata wenyeji wakageuka kutazama ni nani. Farasi walikuwa wamekwisha simama, wanahema pamoja, na mkono wa Hazim ulikuwa bado pale pale.

"Nani yule na mwana wa Khalaf?" aliuliza mzee mmoja ambaye macho yake hayakuwa mazuri.

"Marhoun," alijibu Khalaf. Mzee alingoja jina lile jingine. Khalaf hakuongeza kitu.

Alasiri Shihana alilala kwenye mchanga chini ya mghafu. Marhoun akachuchumaa kando yake, akangoja miguu ile ianze kukimbia. Alingoja mpaka kivuli kikafika ukutani, na haikukimbia.

Asubuhi yake Fakhriya alimwekea chai mbele, akakaa, akamtazama sana.

"Una nini?" aliuliza Marhoun.

"Sina kitu," alisema Fakhriya. "Ila jana hukunipiga teke."