Panga la Baraka

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye kibanja chetu cha migomba huku Igurwa, bwana shamba alituonya: kila mkishakata mgomba mmoja, pitisheni panga kwenye moto, maana ugonjwa unatembea na panga. Mama akakataa. Panga lake padri alikuwa amelinyunyizia maji ya baraka, na kitu kilichobarikiwa, alisema, hakibebi ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusali, na hasira zikanipanda. Nikamfokea, “Unamwomba nani, mama? Hakuna anayesikia!” Aliendelea kukata, mgomba baada ya mgomba, huku midomo yake ikisali.

Kibanja kiliisha chote, mpaka migomba iliyokuwa ikilitia kivuli kaburi la baba.

Siku ulipokatwa mgomba wa mwisho tulikula ugali wa kununua, sisi ambao bila ndizi hatuhesabu kwamba tumekula. Mama akanyoosha mkono, akamega tonge. Nikashtuka. Tangu nizaliwe sikuwa nimemwona akigusa chakula kabla ya ishara ya msalaba.

“Mama,” nikamwambia, “hujasali.”

“Kula, mwanangu,” akasema. “Hakuna anayesikia.”