Maji ya Direkta

Semina ile tuliifanya Jumamosi, katika darasa la shule moja ya mtaa wa Kimemi, hapa Butembo. Mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi. Kazi yangu ni kuwaonyesha walimu namna ya kumfundisha mtoto kujilinda: mwili wake ni wake, ana haki ya kukataa, ana haki ya kusema. Direkta, mkuu wa shule, alifungua kwa sala ndefu, akaomba radhi kwamba kichwa kinamuuma, akaenda zake nyumbani, nyuma ya uwanja wa shule.

Nina swali ambalo siliachi kamwe. Niliwauliza: hapa kwenu, ni wakati gani mtoto anabaki peke yake na mtu mzima? Wakajibu kwa sauti moja: hakuna. Jibu la haraka namna hiyo hunipandisha hasira. Nikauliza tena, polepole. Nani anafagia ofisi? Nani anatumwa dukani? Nani anamchotea direkta maji?

Wakacheka. Mwalimu mmoja akanieleza, akijivuna kidogo:

«Mama, ile haiko kazi ya kila mutoto. Ni mutoto wa heshima tu. Bazazi benyewe banafurahi.»

Kweli, kwetu ndivyo. Bomba likiwa mbali, mtoto mwenye adabu ndiye anayepewa bidoni, dumu la maji la mkubwa, na mama yake atamsifu soko zima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema, na sisi tunamlea asijue kukataa.

Madame, mwalimu wa darasa la nne, hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekuwa ameandika kila neno langu tangu asubuhi. Aliinuka, akakaza kitenge chake.

«Mutoto wa darasa yangu iko kule kwa direkta saa hii. Nilimutuma maji hata leo Jumamosi.»

Nilimfuata. Tulivuka uwanja karibu tukikimbia, naye akinieleza huku pumzi zikimkatika. Msichana huyo alikimbia vita upande wa Beni, akaja kuishi kwa bibi yake. Wenzake walimcheka kwa sababu ya viatu vyake. Ndipo Madame akampa heshima ya maji, ili wasimdharau tena. Lakini siku za karibuni alikuwa akiomba mwenzake ampokee zamu, na Madame alimkemea kwamba huo ni uvivu.

Mlango wa direkta ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Bidoni ilikuwa nje, imejaa. Madame aligonga kwa mikono yote miwili mpaka direkta akafungua, amevaa fulana ya ndani, akaanza kutueleza habari za kichwa chake. Nilimsukuma nikapita, na sijutii. Mtoto alikuwa amesimama karibu na ukuta, macho chini, mikono ameikunja kifuani, vile tunavyowafundisha kusimama mbele ya wakubwa. Nilitaka kupiga kelele.

Tulimtoa nje. Nilijua la kufanya: hospitali kwanza, kabla hajaoga, halafu polisi. Nikaita pikipiki kutoka barabarani. Tukiingoja, Madame alipiga magoti kwenye matope, akamshika mtoto mabega, akilia.

«Juu ya nini haukuniambia, mwanangu? Juu ya nini?»

Msichana alimtazama bila chuki yoyote. Alikuwa anashangaa tu.

«Lakini Madame, nilikuwa nazani unajua. Ni weye ulikuwa unanituma.»