Baba Mkwe Kwenye Foleni

Pale sinema walimwita Tochi, kwa sababu ya ile tochi aliyomulikia tiketi na vitambulisho kwenye korido ya giza. Filamu moja ya shujaa arukaye angani ilipoletwa, meneja aliitupa ukumbi mdogo wa nyuma. Shujaa gani, alisema, anaogopa urefu, akiruka anatapika, na kila akifungua mdomo ni tusi? Tena ya watu wazima tu, wakati wapenzi wa mashujaa ni watoto. Haimalizi wiki.

Wiki ikaisha, filamu ikahamia ukumbi mkubwa, na foleni ikapinda kona hadi kwa fundi viatu. Tochi hakuwa ameiona. Kutwa yuko mlangoni, akiwarudisha vijana waliojiongezea miaka. Alichopata ni vicheko nyuma ya pazia. Udadisi ukawa unamwasha. Watu wazima na akili zao, wanacheka nini hasa humo?

Nyumbani alimsimulia baba mkwe wake hayo huku akimpakulia chakula. Alisimulia tu ili nyumba isiwe kimya. Tangu mumewe azikwe, mzee alibaki na "ndiyo" na "hapana", na sahani ilirudi jikoni nusu. Tochi alishamzika mwana, sasa baba naye anamponyoka hivi hivi akimwona, na hilo lilimtisha. Habari ya matusi hakuthubutu kuigusa. Mkwe ni mkwe.

Jumamosi mchana foleni ilikuwa ya kusukumana. Tochi alinyoosha mkono bila kutazama sura.

"Kitambulisho."

Akapewa kimoja kilichochakaa, akakimulika. Akainua macho. Mzee mwenyewe, ndani ya koti lake la kutokea.

"Miaka imetimia?" mzee akauliza.

Laiti ardhi ingepasuka immeze. "Baba, humo ndani... lugha yake si nzuri."

"Nimesikia. Wewe usiingie."

Angeingiaje? Akae na mkwewe wasikilize uchafu ule pamoja? Alisimama nyuma ya pazia, sikio kalitega. Ukumbi ukaangua kicheko, ukaangua tena. Tochi akawa anavichambua vicheko kama achambuaye mchele, na cha mzee hakimo. Labda kalala. Labda kaudhika, leo leo atafunga virago arudi kwao.

Ndipo, watazamaji wengine wakiwa wameshanyamaza, mtu mmoja akacheka kwa kuchelewa, kicheko kizito kilichoishia kwa kukoroma puani. Tochi alikijua kicheko hicho. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yake, asijue mumewe alikirithi kwa nani, maana mzee hakuwahi kucheka hivyo mbele ya mkwe.

Akazima tochi, akalia palepale. Vijana wawili waliochelewa wakapita bila kuulizwa kitu.

Jioni ile sahani ilirudi jikoni tupu.

"Yule bwana shujaa hana adabu hata chembe," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

Mzee akanawa mikono taratibu, akajifuta.

"Kesho zamu yako inaanza saa ngapi?"