Mjomba Alishasema

Ipo siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu Zuhura. Ni siku niliyomwambia mjomba wangu Salehe kwamba shahada yangu haitanipa leseni. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, Rooty Hill, hapa hapa Sydney, anaanika mashuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea na vibanio vyake. Aliyoniambia baada ya hapo nitakuja kukueleza. Kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia wakati hapa kwangu Mount Druitt na kwenu ni mwendo wa treni moja tu.

Jana baba yako alinipigia. Unamjua kaka yangu, akifurahi huongea kwenye simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Akasema umeshaanza chuo, kozi ya saikolojia, na miaka ikipita utakuwa na ofisi yako na jina mlangoni. Nikamuuliza kama umepiga simu kwenye bodi inayosajili wanasaikolojia, kuuliza kama wanaikubali hiyo kozi. Akacheka. Akasema, "Ya nini? Si wewe mwenyewe ulimwambia ni nzuri?"

Nilikaa kitandani, mwanangu. Nikakumbuka ni kweli. Ilikuwa Iddi iliyopita, mimi namenya viazi jikoni kwenu, wewe umeegemea friji, ukanisogezea simu nione jina la kozi. Nikasema nzuri hiyo, na chuo chenyewe kizuri. Sikuwa hata nimevaa miwani. Na kwa neno lile la jikoni unataka kuketi darasani miaka mitatu.

Uso kwa uso nisingeweza kuyamaliza haya, ndiyo maana naandika. Basi sikiliza ya kwangu, ingawa vijana wa hapa mkisikia mtu anaanza habari za zamani mnatafuta simu zenu.

Nilikuja Sydney nikiwa na miaka ishirini na tatu. Mwaka mmoja kabla, bibi yako alipigwa na kiharusi kule Korogwe, upande wote wa kulia ukafa. Pale hospitali palikuwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Alikuwa anamshika bibi yako kiunoni, anamsimamisha, anamsemesha taratibu, mpaka siku moja akapiga hatua kutoka kitandani hadi dirishani. Halafu yule dada akahamishiwa mkoa mwingine, na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Bibi yako akarudi kitini. Mimi nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Nitaisoma, nitarudi, nitamwinua mama yangu mwenyewe. Sikuwa na ndoto nyingine, na sijapata nyingine tangu hapo.

Mjomba Salehe ndiye aliyenipokea. Alikuwa anaendesha foklifti ya kupakia mizigo kwenye ghala moja Seven Hills, mtu wa kuamka alfajiri, mkali kidogo, mwenye huruma nyingi asizozitaja. Alichukua likizo ya siku moja akaenda maonyesho ya vyuo kunitafutia kozi. Akarudi na kijitabu chenye picha ya msichana amemshika mzee mguu. Alikuwa ameuliza, maana si mtu wa kukurupuka. Alimuuliza kijana wa chuo kile kama shahada hiyo inatambulika, na kijana akamjibu kwamba inatambulika kabisa, na serikali.

Wiki hiyo hiyo palikuwa na maulidi kwa jirani yetu mmoja, Mtanzania mwenzetu. Mjomba akasimama na sahani yake ya pilau mkononi akawatangazia watu kuwa Rehema wetu anakwenda kuwa daktari wa viungo. Watu wakasema mashaallah. Kina mama wakanishika mikono wakaniombea dua. Na kuanzia siku ile wakaniita dokta, kama tunavyofanya sisi. Mtoto akianza mwaka wa kwanza wa sheria tayari ni wakili.

Yule kijana hakumdanganya mjomba. Chuo kilikuwa halali na shahada ilikuwa halali. Ila kupewa shahada ni jambo moja, na kuruhusiwa kumtibu mgonjwa kwa jina la kazi hiyo ni jambo jingine kabisa, na ruhusa hiyo haitoki chuoni. Inatoka kwa bodi. Wakati ule kila jimbo lilikuwa na bodi yake, siku hizi kwa kazi zetu hizi ni ya nchi nzima. Bodi ina kozi inazozikubali. Yako kama haimo, hata ukiwa wa kwanza darasani, hawakusajili. Na kujiita jina la kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa kisheria. Kwetu sisi dokta ni heshima tu, lakini hapa jina hilo lingeweza kunifikisha mahakamani.

Aliyenifumbua macho ni Njeri, rafiki yangu wa darasani, Mkenya wa Nairobi, msichana asiyejua kuzungusha maneno. Tulikuwa mwaka wa kwanza, tumekaa kwenye ngazi za maktaba tunakula chipsi. Akaniambia, "Rehema, nimewapigia bodi. Hii kozi yetu haiko kwa list yao. Tukimaliza hatuwezi register, hata tukipata A zote. Mimi natoka." Akaandika namba ya bodi kwenye karatasi ya chipsi akanipa, nipige mwenyewe nisije nikasema ni maneno yake.

Nikamjibu kuwa mjomba alishauliza. Akanitazama. "Mjomba wako ni wa bodi?" Nikakasirika. Nikasema moyoni Wakenya hawana adabu, wanamhoji mtu mzima kama polisi. Njeri akahama, akaanza upya chuo kingine, akapoteza mwaka mzima na akalia machozi ya kweli. Leo amesajiliwa, ana wagonjwa wake. Akinitumia salamu huwa nachelewa kumjibu, na sababu unaijua.

Ile namba nilirudi nayo nyumbani. Simu ya nyumba ilikuwa ukumbini, na mjomba alikuwa ukumbini anaangalia mpira. Nikanyanyua mkono wa simu. Nikafikiria atakavyonisikia naongea Kiingereza na watu wa serikali, nawauliza kama alichosema mbele ya watu ni kweli. Ingekuwa ni kumwambia usoni kwamba simwamini, mtu aliyenipa chumba, chakula na nauli, ndugu wa mama yangu. Nikaurudisha. Mjomba akauliza nampigia nani, nikasema hakuna. Ningeweza kupiga kesho yake nikiwa chuoni, hilo nalo nalijua. Sikupiga. Niliona hata nikipiga kwa siri nitakuwa nimemvunjia heshima, na pia nilikuwa naogopa jibu.

Nikasoma mpaka mwisho. Kwenye mahafali mjomba alivaa koti la kuazima, akapiga picha na kila mtu hata asiowajua. Picha ikafika Korogwe, majirani wakaja kuitazama, bibi yako akawaambia mwanawe anarudi kumsimamisha.

Kisha nikaomba usajili, na bodi ikanijibu kwa upole mkubwa. Walinishukuru kwa maombi yangu. Walisema kozi niliyosoma haikuwa miongoni mwa wanazozikubali, na kwamba nikitaka nianze kozi inayokubalika. Kuanza, mwanangu, tangu mwanzo. Mjomba alishamaliza akiba yake yote kwangu, na mimi sikuwa na pa kuanzia. Kurudi Korogwe bila leseni niliona aibu, nikabaki.

Ndiyo siku niliyomkuta na mashuka. Nikamweleza yote nimesimama, yeye hakugeuka mpaka nilipomaliza. Akauliza nimejua lini. Nikasema Njeri aliniambia mwaka wa kwanza.

"Na hukuwapigia?"

"Ulikuwa umeshasema, mjomba."

Aliketi chini, pale pale kwenye nyasi, shuka lililolowa limemlalia magotini. Nilidhani atanifokea. Aliongea polepole, na afadhali angenifokea.

"Mimi naendesha foklifti, Rehema. Nikikwambia habari za bodi ya serikali, unaichukua kama aya? Ungenihakiki, ningenuna siku mbili, halafu ningeshukuru. Sasa umenifanya mtu aliyekuharibia maisha, na mimi nilitaka kukusaidia. Heshima gani hiyo?"

Nikalichukua lile shuka magotini mwake, nikalianika. 

Mjomba hakupona na jambo lile. Alikuwa mtu wa kushauri vijana, ukumbi wake ulikuwa haukosi wageni Jumamosi. Baada ya hapo kijana akija kuuliza lolote, hata gari la kununua, alimjibu kwamba yeye hajui kitu, akaulize wenyewe. Wakaacha kuja. Akarudi Tanga akiwa mzee, akafia huko, na sikuwahi kumsikia tena akimwambia mtu fanya hivi. Bibi yako naye alifariki kabla yake, kitini. Nilikuwa nimeshamfundisha kwa simu mazoezi machache ya mkono. Alikuwa anayafanya na anawaambia watu kayapata kwa daktari wake wa Australia, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Na mimi unajua nilipo. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, msaidizi wa mazoezi, huu mwaka wa sijui wa ngapi. Nikimwona mzee anavyoburuta mguu najua kinachomsumbua. Ila siruhusiwi kusema. Nasubiri Alhamisi aje kijana aliyesajiliwa, mtoto mzuri tu, mwenye adabu, amwangalie kwa dakika chache aandike ninachokijua tangu Jumatatu, kisha mimi ndiyo nitekeleze. Kuna mzee mmoja aliniuliza juzi kama atatembea tena. Nikamwambia tumsubiri Alhamisi. Watu huniambia nishukuru nina kazi, nami nashukuru. Lakini nikiteremka kwenye treni jioni huwa natembea polepole, kwa kuwa nyumbani nitakaa nifikirie, na sitaki kufikiria. Usidhani inaisha. Watu husema inaisha, mimi sijaona.

Kinachonikatisha tamaa zaidi ni wewe, na sikulaumu. Umezaliwa hapa. Nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza. Pilau unaiacha, mbegu za uwatu unaziogopa, nyimbo zetu hujui hata moja. Nilidhani hakuna tulichoweza kukuachia. Kumbe umechukua hili. Mtoto anayebishana na walimu wake, anayesoma masharti yote kabla ya kununua kiatu kwenye mtandao, shangazi kasema neno moja akimenya viazi, basi hakuuliza tena. Na najua ulifanya kwa kunipenda.

Jana baada ya simu ya baba yako nimefungua orodha ya bodi mwenyewe, safari hii na miwani. Nimekuta jina la chuo chako. Nimekuta kozi inayofanana na yako, majina karibu sawa, ila kwenye yako kuna neno limezidi na kampasi si ile. Nimesoma mara nyingi. Sijui kama ndiyo hiyo au siyo. Nilitamani sana kukuandikia kwamba ndiyo, tulale. Nikisema hivyo nitakuwa nimekufanyia alichonifanyia mjomba, tena yeye angalau hakuwa anajua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ni ngumu kwa mtu wa umri wangu kuitoa. Kesho asubuhi, kabla ya darasa, piga simu bodi. Usiniulize mimi tena, wala baba yako, wala chuo, maana chuo kitakujibu kuhusu shahada na wewe unauliza kuhusu leseni. Wape jina la kozi neno kwa neno, kampasi, na mwaka ulioanza. Waulize ukimaliza hiyo wanakusajili, au kuna masomo mengine juu yake, kwa sababu kwa saikolojia yapo, na mengi. Waambie wakuandikie jibu. Halafu uliza chuoni ni lini mwisho wa kujitoa bila kudaiwa, maana siku hiyo ipo na haisubiri mtu.

Jibu likiwa baya, njoo kwangu umekasirika. Njoo usinisalimie. Gonga mlango, nikifungua uniambie shangazi ulisema bila kujua, mbele ya baba yako ukitaka niaibike vizuri. Nitaumia siku mbili tatu. Wewe utakuwa umepoteza wiki chache za masomo, na hilo linabebeka. Na jibu likiwa zuri pia nitafurahi kwamba hukuniamini.

Zuhura mwanangu, Mwenyezi Mungu akujaalie kazi ambayo ukiulizwa na mgonjwa utamjibu wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo. Akuepushe na wema wetu sisi tunaokupenda. Na kama kesho ukinyanyua simu mkono ukasita kwa sababu yangu, akupe ujasiri wa kunivunjia heshima. Nimekuridhia kabla hujafanya. Amina.