Friza la Mwanahawa na Wiki za Maji Mafu

Mwandishi wa habari hii alimjua Mwanahawa Issa kwa karatasi kwanza, na kwa karatasi akamhukumu. Kadi yake ya marejesho ya mkopo ilikuwa na mapengo: Alhamisi hii amelipa, inayofuata hakulipa, kisha amelipa tena. Kwa msomi wa biashara aliyefika utu uzima akiamini kuwa tarakimu hazisemi uongo, hilo lilitosha kuandika pembeni: hana nidhamu. Laiti angejiuliza kwa nini uzembe upangike vizuri namna ile.

Mwanahawa alizaliwa Msimbati, na tangu akiwa na miaka tisa alishika ncha ya chuma ya mama yake, akaingia mwambani kuchokoa pweza. Aliolewa, akaachwa, akalea watoto watatu kwa chuma hicho hicho. Kazi yake ina wiki mbili zisizofanana. Wiki ya bamvu maji hukauka sana, mwamba huwa wazi, na pweza hujaa hata bei ikaporomoka. Wiki ya maji mafu mwamba haufunuki. Pweza huadimika, na aliye naye hujitajia bei.

Ndiyo maana alikopa, akanunua friza. Alitaka kugandisha pweza wa bamvu na kuwauza katika maji mafu. Lakini taasisi ya mikopo ilitaka rejesho kila Alhamisi, kuanzia wiki ya kwanza. Ili alipe Alhamisi ya bamvu, ilimbidi auze kila kitu pale pale ufukweni kwa bei ya kutupa. Maji mafu yakifika, friza li tupu na mkono mtupu. Mkopo uliokuja kumwinua ukawa unamkalia kichwani.

Mwezi wa nne wa mkopo, afisa mikopo, Godfrey, kijana wa Sumbawanga, alikuja na barua: rejesho moja zaidi likikosekana, friza linachukuliwa. Alifunua mfuniko, akachungulia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Hili friza linagandisha nini, hewa?"

"Marahaba, mwanangu. Hewa ya ofisi yenu."

Hawa, jirani yake na mdhamini wake, alicheka mpaka akaegemea mlango. "Kaka, lichukue! Ila ujue kwenu Sumbawanga utagandishia dagaa wa ziwani, pweza huwapati."

Godfrey hakucheka. Mwanahawa naye aliacha utani. Alijua kuwa friza likipakiwa garini, hatarudi tena kuwa mfanyabiashara. Atarudi kuwa mwanamke anayebembeleza wachuuzi ufukweni, kama mama yake mpaka anakufa.

"Leo ni Alhamisi ya maji mafu," alisema. "Kabla hujabeba, kunja suruali. Twende ukalichukue rejesho lako mwenyewe."

Walikwenda mwambani. Godfrey, asiyejua kuogelea, alifuata nyuma kwa hatua za kuku aliyelowa, mpaka maji yakamfika kiunoni. Alichokoa kwa chuma cha Mwanahawa huku na huko, akaambulia mchanga.

"Pweza wako wapi, mama?"

"Wamo humo chini. Hawajapata kalenda yenu tu." Kisha akasema taratibu, kama amfundishaye mwanawe: "Bamvu usinidai. Niache nijaze friza. Mwisho wa maji mafu njoo uchukue ya wiki mbili kwa pamoja. Nikikosa mara moja tu, beba friza na mfuniko wake."

Godfrey alimrudishia chuma chake. "Nitawaandikia makao makuu," alisema.

Bamvu lililofuata Mwanahawa hakuuza hata pweza mmoja. Wachuuzi walimcheka, wakamwita bibi arusi wa barafu. Wiki ya pili, ya maji mafu, mnunuzi wa Mikindani alifika mwenyewe mlangoni, akalipa bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya ufukweni. Baada ya miezi mitano deni likaisha. Leo Mwanahawa hachokoi peke yake. Hununua pweza wa wenzake mwambani kwa fedha taslimu, tena kwa bei ambayo yeye hakuwahi kupewa.

Mwandishi alipoiona kadi yake ya mwisho, yenye mhuri kila Alhamisi bila pengo, aliifuta ile hukumu ya pembeni na, kwa kuwa alisikia Godfrey aliwaandikia makao makuu, akaandika kwamba taasisi ilikuwa imelegeza masharti. Hapo alikosea mara ya pili.

Miaka miwili baadaye alikutana na Godfrey, aliyekuwa amehamishiwa Masasi. Makao makuu yalikuwa yamelikataa ombi lake kwa barua ya mistari mitatu. Marejesho yote ya wiki za bamvu yalitoka katika mshahara wa Godfrey. Mwanahawa alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, na kila mwisho wa maji mafu alimrudishia Godfrey fedha zake kwanza, ndipo akailipa ofisi.