Siku Niliyoaga Dunia kwa Sababu ya Vitamini

Najua wengine wenu mmeshaisikia hii stori, maana pale Mikinduri hata mtoto anayetumwa nusu kilo ya nyama anaingia kwa bucha yangu akicheka, lakini afadhali muisikie kutoka kwangu, kwa sababu kule sokoni imeshaongezwa chumvi (kuna wanaosema nilikuwa nimenunua jeneza, na huo ni uongo, sikufika huko).

Mtu wa bucha hapendi kuonekana mnyonge. Mwaka jana nilianza kuchoka ovyo, yaani nikiinua paja la ng'ombe nilitundike kwa ndoano inabidi nikae chini nipumue, na mke wangu, Mama Kendi, akaniambia niende hospitali nipimwe. Nikamwambia hospitali ni ya wagonjwa. Nikapita kwa duka la dawa, nikauliza kama kuna kitu cha kurudisha nguvu, na yule dada wa pale akanipa chupa ya vitamini za maji, akanieleza vizuri kabisa kwamba ni kijiko kimoja kwa siku, baada ya kula. Nilipofika nyumbani nikakitazama kile kijiko cha plastiki, nikajitazama na hili tumbo langu, nikaamua kijiko ni cha watoto. Nikaweka chupa mdomoni. Ilikuwa tamu kama juisi ya chungwa, kwa hivyo nikawa napiga mafunda asubuhi na mengine jioni, na kila nikimeza nasikia nguvu zikiingia (ama nilikuwa nasikia sukari, sijui).

Jumapili moja, kabla ya kwenda kanisani, nikaingia chooni, na mkojo uliotoka ulikuwa wa manjano. Si manjano ya kawaida, ni ile inayong'aa kama makoti ya watu wanaotengeneza barabara. Sasa mjue mimi nimechinja ng'ombe tangu ujana wangu, na kitu mchinjaji anachoogopa sana ni kupasua nyongo, kwa sababu hayo maji yake yakimwagika nyama yote inaharibika. Kwa hivyo sikuhitaji daktari. Nikajipima mwenyewe hapo hapo nikiwa nimeshikilia mlango, nikapata jibu kwamba nyongo yangu imepasuka na mambo yangu yameisha.

Mtu mwenye akili angemwambia mke wake. Mimi nilivaa suti nikanyamaza njia yote, na wakati wa ushuhuda ulipofika nikainua mkono. Nikawaambia waumini kwamba nimekuja kuwaaga, ugonjwa umeingia ndani na hauna dawa. Nikamshukuru Mama Kendi kwa miaka yote aliyonivumilia, naye alikuwa akinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Halafu macho yangu yakamwona Kendi, kifungua mimba wetu, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Kendi alikuwa anataka kuolewa na Njeru, kijana mmoja mfugaji wa mbuzi kutoka upande wa Mbeere, huko Embu ya chini, na mimi nilikuwa nimekataa katakata. Nilisema kule ni kukavu, msichana wangu atazeeka akibeba mtungi wa maji (mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga huko, lakini nilikuwa naieleza kama mtu aliyezaliwa huko). Sasa nikiwa nimesimama pale na machozi yananitoka, nikasema kwa sauti, "Kendi mama yangu, olewa na Njeru. Nimekubariki, na nikishaondoka mtu yeyote asikuzuie."

Akina mama wakaanza wimbo. Wazee wa kanisa wakanishika makwapa wakanitoa nje, na ingawa ningeweza kutembea vizuri tu, nililegeza miguu kidogo kwa sababu niliona si heshima kutembea baada ya maneno kama yale.

Wakanipeleka kwa kliniki iliyo karibu, nusu ya kanisa ikifuata nyuma. Daktari alikuwa msichana wa umri wa Kendi wangu. Akanibonyeza tumbo, akanivuta kope akasema macho ni meupe hayana shida, akachovya kikaratasi kwa mkojo, akakitazama, akaniuliza ni dawa gani natumia. Nikasema situmii dawa. Hata za kienyeji? Hata hizo. Labda tu vitamini. Sasa dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na nje ya dirisha ilikuwa imesimama kwaya nzima, na majoho yao.

"Unakunywa vijiko vingapi, mzee?"

"Si vijiko. Nakunywa kwa chupa."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kuna vitamini moja ya kundi la B ambayo yenyewe ni ya manjano, mwili unachukua unayohitaji na figo zinatupa inayobaki. "Unachokojoa ni hizo vitamini zako," akasema. "Hufi." Kisha akawa mkali. Akaniambia nina bahati, maana ziko nyingine kama A na D ambazo mwili hauzitupi, zikizidi zinarundikana ndani na zinaweza kuumiza ini na figo, ndiyo maana kile kijiko kinawekwa. Akauliza ninakula nini. Nikasema nyama na chai. Na mboga? Kabla sijajibu, Mama Kendi akasema kutoka dirishani kwamba mimi husema mboga ni chakula cha sungura. Daktari akaniambia niache ile chupa, nile mboga za majani kama terere na kunde, na maembe, kama watu wengine, na nirudi kesho yake nipimwe damu na presha, kwa sababu uchovu una chanzo chake na hautibiwi kwa kubahatisha.

Nilipotoka, mchungaji alianza kusema tumshukuru Mungu, akashindwa kumaliza, akageuka akajifanya anakohoa. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, peke yangu, nikipitia njia ya nyuma.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe Kendi alikuwa amempigia Njeru simu kutoka kanisani, na Jumamosi iliyofuata wazee wa Mbeere wakaingia kwangu na mbuzi wa posa, wamekuja mbio wanikute kabla sijakata roho, wakanikuta napasua kuni. Baba yake Njeru alinishika mkono muda mrefu, akitafuta ugonjwa uko wapi. Nikajitoa polepole nikaenda jikoni kumwambia Kendi kwamba maneno ya mgonjwa hayahesabiwi.

Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Baba," akasema, "ile baraka ilikuwa ya kufa tu, ama hata ukiwa mzima ni yangu?"

Nikachungulia nje, nikawahesabu wale wazee. Kisha nikamwambia, "Ni yako, mama. Ongeza mchele, wageni ni wengi."

Presha ilipatikana iko juu, natumia dawa ninavyoandikiwa, na terere nimeizoea. Kendi yuko Mbeere na maji ya bomba yapo mpaka mlangoni (nimeenda nikafungua mfereji mwenyewe). Lakini nimeapa: siku nikitoa tena rangi nisiyoielewa, nitaanzia kwa daktari, kanisani nitaenda baadaye, na nikifika nitakaa kiti cha nyuma na mikono nitaikalia.